Dubu wa barafu: dhana potofu na ukweli kwa msomaji wa Kusini

Kwa mkazi wa Liwale au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, habari ya mnyama anayepungua huanza na bunduki ya jangili. Hilo halishangazi, kwa kuwa tembo wa pori la akiba la Selous na maeneo jirani walishuka kutoka zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970 hadi takriban 13,000 katika sensa ya mwaka 2013, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya meno yao. Ni rahisi basi kudhani kwamba dubu wa barafu, mnyama mkubwa mweupe wa kaskazini ya mbali, naye anamalizwa na wawindaji, na kwamba askari wakiongezwa atasalimika.

Dhana hiyo ilikuwa na ukweli zamani. Uwindaji ulitishia dubu hao hadi nchi tano wanamoishi, yaani Kanada, Marekani, Norwei, Denmaki kupitia Greenland, na Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, zilipotia saini mkataba wa kuwalinda mjini Oslo mwaka 1973. Uwindaji wa jamii za asili kama Wainuiti bado unaruhusiwa, na sehemu kubwa ya Kanada huuwekea idadi maalumu. Tishio kuu leo ni kupungua kwa barafu ya baharini, na hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili, kwa sababu doria humzuia jangili lakini haiwezi kuizuia barafu isiyeyuke.

Wapo wanaosema kwamba dubu huyu ni mwogeleaji hodari, hivyo barafu ikiisha atahamia nchi kavu na kula kitu kingine. Uhodari wake majini ni wa kweli, ila barafu ndiyo uwanja wake wa mawindo: husubiri kimya kando ya tundu ambamo sili, mnyama wa baharini, huibuka kuvuta hewa, akamnasa na kula shahamu yake, ambayo ndiyo akiba inayomvusha miezi ya njaa. Nchi kavu hupata mayai ya ndege, matunda ya porini na mizoga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia dubu 20 wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson, nchini Kanada, wakati wa kiangazi, na 19 kati yao walikonda, wakiwemo waliokuwa wakila. Jike asiye na shahamu ya kutosha hushindwa kulea watoto. Katika eneo hilohilo, dubu waliokadiriwa kufika takriban 1,200 katika miaka ya 1980 walikadiriwa kuwa 618 mwaka 2021.

Kwamba idadi yao duniani inaongezeka, basi hakuna hatari, ni dai linalochanganya mambo mawili. Makadirio ya mwaka 2015 yalikuwa takriban 26,000. Yapo makundi yaliyopata nafuu baada ya uwindaji kudhibitiwa, na yapo yanayopungua kwa kukosa barafu. Nafuu ya kwanza haifuti hasara ya pili.

Wapo pia wanaodhani kwamba hula pengwini, lakini pengwini si chakula chake, maana ndege huyo huishi nusu ya kusini ya dunia, naye dubu huishi kaskazini.

Wengine huamini kwamba uhifadhi wake hauwagusi binadamu. Katika mji wa Churchill nchini Kanada, dubu wanaosubiri barafu igande husogelea makazi, hivyo maofisa huwafukuza au huwanasa kwa mitego, huwashikilia katika jengo maalumu, kisha huwaachilia mbali na watu. Mkulima wa Nachingwea ambaye shamba lake limeingiliwa na tembo anaielewa kazi hiyo pasipo kufafanuliwa, na naona ana haki ya kusikilizwa popote uhifadhi unapojadiliwa.

Hata umbali wenyewe unadanganya. Tangu mwaka 1979 Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia anakoishi dubu huyu, imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia, kutokana hasa na gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto hewani, zinazotoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi. Bahari yetu nayo inapata joto, na matumbawe ya pwani ya Tanzania yalipauka vibaya mwaka 1998. Mvuvi wa Msimbati hakuchangia joto hilo kwa kiasi cha kulaumiwa, lakini samaki wake hutegemea matumbawe hayo.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kwamba muda umekwisha. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba barafu ya kiangazi hupungua kadiri joto linavyopanda, bila kufika mahali ambapo yote huporomoka kwa mara moja, hivyo gesijoto zikipunguzwa mapema, dubu hubakiwa na barafu zaidi ya kuwindia.