Je, wajua kwa nini gari la paa wazi hutikisika, na fundi hulikazaje?

Pitisha gari la paa wazi, lile la turubai, kwenye lami yenye viraka, kisha tazama kioo cha kuonea nyuma. Taswira inachezacheza. Dashibodi inasogea huku na huku, usukani unatetemeka mikononi, na mlango unalia kwenye kitasa chake. Gari la muundo uleule lenye paa la bati, springi zilezile na matairi yaleyale, linapita hapo hapo likiwa limetulia. Wengi hukimbilia kubadilisha shokapu, na baada ya kulipa wanakuta mtetemo uko vilevile.

Chanzo kiko kwenye bodi. Magari madogo mengi hayana chasi ya ngazi, yaani fremu ya chuma inayojitegemea chini ya bodi. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Sakafu, vizingiti vya milango, nguzo, paa, na kuta za mbele na nyuma vimechomelewa pamoja kuwa boksi moja. Chukua boksi la viatu lililobandikwa mfuniko pande zote, ushike ncha zake mbili na ulisokote: halikubali. Ng'oa mfuniko, ulisokote tena: linapinda kwa nguvu za vidole. Boksi lililofungwa hupokezana nguvu ya msokoto kutoka uso mmoja kwenda mwingine, likizunguka lote. Uso mmoja ukikosekana, mzunguko huo unakatika na mzigo unaangukia vizingiti viwili na sakafu.

Ukubwa wa tofauti hiyo huwashangaza hata mafundi wazoefu, kwa hiyo tuihesabu. Chukua bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene wa ukuta milimita 3. Sasa lipasue kwa grainda mstari mmoja mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzito haujapungua kwa kiasi cha kuonekana, chuma ni kilekile, lakini ukinzani wake dhidi ya kusokotwa umeshuka takriban mara 180. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kufunga maumbo yaliyo wazi kabla ya kufikiria kuongeza chuma. Boriti yenye umbo la U iliyochomelewa bati la kuifunga inashinda boriti nzito iliyoachwa wazi.

Kuna jambo la pili linaloamua kama dereva ataona tofauti. Gurudumu likipiga shimo, hurukaruka kwenye springi na mpira wake mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Bodi nayo ina mdundo wake wa asili, yaani mara inazojisokota huku na huku kwa sekunde ikishtuliwa. Bodi yenye paa la bati huwa na mdundo wa juu sana kuliko huo wa gurudumu, hivyo vitu hivyo viwili havikutani. Paa likiondolewa, mdundo wa bodi unashuka na kuikaribia kasi ya gurudumu. Vikikutana, kila shimo dogo linakuzwa. Fundi anachotafuta ni kuupandisha mdundo wa bodi utoke kwenye eneo hilo. Lakini mdundo hupanda kwa kipeuo cha pili cha ukakamavu: ukifanya bodi kuwa kakamavu mara mbili bila kuongeza uzito, mdundo wa 14 kwa sekunde unafika karibu 20 tu. Na kila kilo ya chuma unayoongeza inauvuta kurudi chini. Atakayejaza vyuma vizito kila mahali anaweza kumaliza kazi akiwa na gari zito linalotikisika bado.

Watengenezaji wengine waliamua kuuzima mtetemo badala ya kuuzuia. Lincoln Continental za paa wazi za miaka ya 1960 ziliwekewa mikebe yenye vipande vizito vinavyoelea kwenye springi, karibu na pembe za gari. Bodi ikicheza upande mmoja, kipande kinacheza upande wa pili na kumeza sehemu ya nguvu. Ni ufundi mzuri, ila umepimwa kwa gari moja mahususi. Kuuhamishia gari lingine kwa kukisia hakufanyi kazi.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, hakikisha unachotibu ni bodi kweli. Pima upepo wa matairi, angalia bushi za mikono ya chini, shokapu zinazovuja na matairi yasiyo na balansi. Angalia mpira au kabari inayobana mlango kwenye nguzo ya kitasa: ikilika, mlango unaning'inia na kugonga. Kisha ingia chini na bisibisi uchokoe vizingiti, hasa mbele ya gurudumu la nyuma na chini ya nguzo ya mbele. Bisibisi ikipenya, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kuongeza boriti mpya kwenye kizingiti kilicholiwa na kutu ni kushikiza chuma kwenye rangi; kata bati bovu, weka jipya, ndipo uendelee.

Kipimo rahisi cha msokoto ni hiki. Gari likiwa kwenye sakafu tambarare, pima kwa kalipa nafasi kati ya mlango na bodi sehemu tatu: juu, katikati na chini ya ukingo wa nyuma wa mlango. Piga jeki upande mmoja wa mbele peke yake mpaka gurudumu liache sakafu, pima tena, kisha jaribu kufungua na kufunga mlango. Andika namba zote. Utazihitaji baada ya kazi, kwa kuwa hisia ya mtu aliyetoka kutumia fedha si kipimo.

Mfano unaofundisha vizuri ni Ford Mustang ya mwaka 1979 hadi 1993, ambayo toleo lake la paa wazi lilirudi mwaka 1983. Chini yake kuna reli mbili za mbele zinazobeba injini na reli mbili za nyuma zinazobeba ekseli. Katikati, chini ya viti, reli hizo hazikutani. Zinaunganishwa na bati la sakafu tu. Kwenye gari lenye paa udhaifu huo unavumilika. Kwenye gari la turubai ndipo linapokunjika. Tiba ni kuunganisha ncha ya reli ya mbele na ncha ya reli ya nyuma kila upande kwa bomba la mraba la milimita 50, lenye ukuta wa milimita 2 hadi 3. Bomba la milimita 3 lina uzito wa kilo 4.4 hivi kwa mita, kwa hiyo mabomba mawili ya mita 1.2 yanaongeza kilo 10 na kidogo.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: gari hunyanyuliwa kwa jeki sehemu yoyote, mabomba yanachomelewa, na likishushwa milango haifungi. Bodi ilikuwa imelegea hewani na kujipinda, ukaja kuifunga kwa welding katika umbo hilo hilo. Gari lazima libebwe na magurudumu yake yote manne, juu ya lifti ya kupandia au rampu nne zenye kimo sawa, tanki la mafuta likiwa limeshushwa. Milango ifungwe na nafasi zake zilingane kushoto na kulia. Kama kizingiti kimedhoofika, chomelea kwa muda bomba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa ili tundu la mlango lisibadilike.

Toa viti, kapeti na ule mkeka wa lami wa kuzuia kelele, kwa sababu unashika moto upande wa ndani wakati wewe uko chini huoni. Fungua nyaya za betri na za alteneta. Sogeza mabomba ya breki na ya mafuta yanayopita karibu. Mtu mmoja akae juu na mtungi wa kuzimia moto kwa muda wote, bila kutumwa kwingine. Kwangua rangi na lami ya chini mpaka chuma king'ae, paka praima ya zinki inayoruhusu kuchomelea, na usivute moshi wake.

Chomelea vipande vifupi vya milimita 25, acha milimita 50, hamia upande wa pili wa gari, urudi ujaze baadaye. Mstari mrefu wa moja kwa moja huvuta bati linapopoa na kupindisha sakafu. Ncha za bomba zisikatwe wima na kuishia ghafla kwenye reli. Zikate kwa mshazari, au weka sahani ya milimita 3 inayotandaza nguvu kwenye eneo pana. Ukiacha ncha butu, baada ya miezi ufa mdogo hutokea kwenye bati la sakafu pembeni kabisa mwa welding. Kisha unganisha bomba na bolti za viti kwa vipande vya kukingama, maana hapo sakafu hupata msaada katikati ya safari yake ndefu.

Mazda MX-5, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989, ni hadithi tofauti kwa kuwa ilizaliwa bila paa la bati. Hata hivyo, mwaka 1994, ilipopewa injini ya lita 1.8, Mazda wenyewe waliiongezea vyuma: upau nyuma ya viti unaounganisha minara ya mikanda, na vyuma vya chini vinavyofunga sehemu za saspensheni mbele na nyuma. Ukiwa na ya zamani, hivyo ndivyo vya kuanza navyo, kwa sababu vinafungwa kwa bolti. Udhaifu wake mwingine ni zile reli nyembamba za chini ya sakafu. Watu huziwekea jeki na kuzifinya, na reli iliyofinywa imepoteza kimo chake. Kimo ndicho kila kitu kwenye boriti: ukikiongeza mara mbili kwa bati la unene uleule, ukinzani dhidi ya kupinda hupanda zaidi ya mara nne. Nyoosha reli kwanza, ndipo uivike nyingine nene ya umbo la U juu yake. Ukitumia bolti za milimita 8, toboa kwa keekee ya 8 kamili; tundu la 8.5 linaacha chuma kiteleze, na muungano unaoteleza hausaidii mpaka bodi iwe imeshasogea.

Vyuma vya X chini ya handaki la giaboksi vinasaidia pale vinapofunga reli mbili zisisogee kama msambamba, hasa kama ncha zake nne zimefika kwenye sehemu ngumu. Upau wa kuunganisha minara ya springi chini ya boneti unapendwa kwa sababu unaonekana. Peke yake unazuia minara isikaribiane, basi. Msokoto wa katikati ya gari haugusi. Ukitaka ufanye kazi zaidi, uwe wa pembetatu, mguu mmoja ufungwe kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Sponji ya kupuliza ndani ya vizingiti niiache nje kabisa kwa gari kuukuu: inashika maji, na siku ukihitaji kuchomelea hapo, inawaka.

Msomaji wa Nairobi au Arusha atauliza kuhusu magari ya safari yaliyokatwa paa. Land Cruiser lina chasi ya ngazi chini ya bodi, kwa hiyo kukata paa hakuligusi kiungo kinachobeba mzigo mkuu. Vibasi vya Hiace vya watalii ni jambo lingine, kwa kuwa bodi yao inabeba. Vinavumilia kwa sababu tundu liko katikati na mbavu za pembeni za paa zimebaki. Mwenye kukata asiguse mbavu hizo, azungushie ukingo wa tundu boriti iliyofungwa, na pembe zake azikate kwa duara. Pembe ya mraba ndiyo inayoanza kupasuka, na ufa unatambaa kuelekea nguzo ya mlango.

Kazi ikiisha, rudia kipimo cha jeki na ulinganishe namba. Peleka gari likapimwe alaimenti, na bolti zote zikazwe upya baada ya kilomita 500. Ndani ya mabomba na vizingiti pulizia nta ya kuzuia kutu baada ya welding kupoa kabisa, si kabla, na toboa tundu la milimita 8 sehemu ya chini kabisa ya kila bomba ili maji yatoke.