Meseji Haiendi? Kwanza Tafuta Ilipokwamia

Simu nyingi zinazonifikia kwa sababu ya meseji zisizoenda huja zikiwa zimeshachokonolewa. Mwenyewe ameshazima na kuwasha, ameshaondoa programu ya ujumbe na kuirudisha, ameshabonyeza ile sehemu ya kurejesha mipangilio ya mtandao, na nywila zote za Wi-Fi zimeondoka nayo. Tatizo liko palepale. Bidii hakuikosa. Alichokosa ni swali la mwanzo: ujumbe umekwamia wapi? Ukishapajua mahali hapo, marekebisho yenyewe mara nyingi ni ya dakika chache. Usipopajua, utagusa mipangilio kumi ukibahatisha mmoja, na huenda ukaharibu uliokuwa mzima.

Ugumu unaanzia kwenye skrini. Dirisha moja la mazungumzo hubeba njia kadhaa zisizofanana kabisa. Kuna SMS ya kawaida, ile iliyoanza tarehe 3 Desemba 1992, Neil Papworth alipotuma salamu za Krismasi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu ya Richard Jarvis kupitia mtandao wa Vodafone, Uingereza. Njia hiyo haihitaji bando la intaneti. Kuna MMS, inayobeba picha, sauti na mara nyingi ujumbe wa kundi, na yenyewe huhitaji data ya laini. Kuna RCS, ambayo hupita kwenye intaneti. Imekuwa kwenye Android kwa miaka, na iPhone ikaipata kupitia iOS 18 mwaka 2024. Halafu kuna iMessage, ya vifaa vya Apple peke yake, nayo ya intaneti. Simu huchagua njia bila kukuuliza. Mtu akiniambia "meseji haiendi", mimi husikia magonjwa manne yenye dalili moja.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, itambue njia. Kwenye iPhone, kiputo cha buluu ni iMessage na cha kijani ni njia nyingine. Kwenye Google Messages, kisanduku cha kuandikia chenyewe hutaja kama unachotaka kutuma ni SMS au RCS. Watu hupita juu ya maandishi hayo kila siku bila kuyasoma, na ndiyo yenye nusu ya jibu.

Kisha fanya jaribio moja ambalo mimi huanza nalo kila mara. Zima Wi-Fi na data ya laini. Zima iMessage kama ni iPhone, na uzime RCS kwenye mipangilio ya programu ya ujumbe. Andika neno moja tu, lisilo na picha wala emoji. Usichague jina kwenye orodha. Andika namba kwa mkono, ukianza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, kisha tuma kwa mtu mmoja. Rudia kwa kuituma kwenye namba yako mwenyewe. Ikienda na kukurudia, ujue kutuma na kupokea SMS ni vizima, laini ni nzima, na shida iko kwenye zile njia za intaneti au kwenye ujumbe wenyewe. Ikikataa, shida iko chini zaidi: laini, mtandao au mipangilio ya SMS.

Tuchukue kwanza hali ya kukataa, maana hapo ndipo watu hupotea sana.

SMS haiendi moja kwa moja kwa unayemtumia. Inatoka kwenye programu, inaingia kwenye modemu, kifaa cha ndani ya simu kinachowasiliana na mtandao, inarushwa hadi mnarani, inafika kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu, inahifadhiwa hapo, na kituo ndicho kinachomtafuta mpokeaji. Neno "imeshindwa" au alama nyekundu ya mshangao kwenye skrini yako maana yake ujumbe haukupokelewa na kituo. Halihusiani na simu ya mpokeaji kuwa imezimwa. Simu yake ikiwa imezimwa, wewe utaona imetumwa kama kawaida, na kituo kitaishikilia mpaka arudi hewani au muda wake wa kuhifadhiwa uishe. Ukilielewa hilo, huna sababu ya kumpigia mwenzako umwambie akague simu yake wakati shida iko mkononi mwako.

Mistari ya mtandao juu ya skrini nayo hudanganya. Inaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara; haionyeshi jinsi mnara unavyoisikia simu. Mnara una nguvu nyingi za kurusha, simu ina chache. Ndiyo maana unaweza kukaa ndani ya jengo la zege, ukapokea meseji za watu vizuri, na za kwako zikagoma kutoka. Sogea dirishani au toka nje, washa hali ya ndegeni kwa muda mfupi, izime, kisha subiri simu ijiandikishe upya kwenye mtandao. Ukiona inafanikiwa nje na inashindwa ndani, acha mipangilio yako kama ilivyo.

Baada ya hapo angalia salio. Bando la data halilipii SMS isipokuwa kifurushi chako kimetaja hivyo, na laini yenye intaneti tele inaweza kuwa haina uwezo wa kutuma SMS hata moja. Kama simu ina laini mbili, hakikisha inatuma kwa ile unayodhani. Baadhi ya simu hukumbuka laini ya mwisho uliyotumia kwa kila mtu, hivyo unaweza kufanikiwa kwa mmoja na kushindwa kwa mwingine, ukadhani namba yake ndiyo yenye kasoro.

Sasa namba ya kituo cha ujumbe. Imehifadhiwa kwenye laini yenyewe, na bila hiyo simu haijui pa kuupeleka ujumbe. Dalili yake iko wazi: unapiga simu vizuri, intaneti inafanya kazi, meseji unazipokea, lakini hakuna SMS inayotoka kwenda kwa yeyote. Kwenye iPhone, piga *#5005*7672# na namba iliyowekwa itaonekana. Kwenye simu nyingi za Android, *#*#4636#*#* hufungua ukurasa wa majaribio wenye sehemu hiyo, na baadhi ya simu zinaiweka ndani ya mipangilio ya programu ya ujumbe. Nakusihi hapo uangalie tu. Namba sahihi iombe kwa kampuni yako ya simu, usichukue ya kuokota mtandaoni, kwa sababu kila kampuni ina yake, na ukiweka isiyo yake utajifungia kabisa.

Kuna kufuli jingine linalosahaulika: FDN, orodha ya namba pekee zinazoruhusiwa, inayofunguliwa kwa PIN2, namba ya siri ya pili ya laini. Ikiwashwa, simu haitumi kwa namba isiyo kwenye orodha, na namba ya kituo cha ujumbe nayo inapaswa kuwemo. Simu iliyowahi kutumiwa na mtoto au iliyokuwa ya ofisini, hapo ndipo mahali pa kuchungulia mapema.

Mitandao ya 4G imeongeza jambo lake. 4G ilijengwa kwa ajili ya data, haina njia ya sauti ya kizamani ndani yake. SMS juu yake hupita ama kwenye mfumo wa IMS, uleule unaobeba simu za VoLTE, yaani simu za sauti zinazopigwa kupitia 4G, ama kwa kuunganishwa na mitambo ya vizazi vya nyuma. Simu isipojiandikisha vizuri kwenye IMS, unapata kitendawili: video inacheza bila kukwama, na neno "sawa" linagoma kwenda. Kama eneo lako bado lina 3G au 2G, chagua aina hiyo ya mtandao kwa muda, ujaribu tena. Ikienda, umepata jibu: sasisha programu ya mfumo, zima na kuwasha VoLTE, au iombe kampuni iikague huduma hiyo kwenye laini yako.

Baadhi ya simu huonyesha namba ya kosa ukibonyeza kwa muda ujumbe ulioshindwa na kufungua maelezo yake. Zinaogopesha lakini zinasomeka. 8 ni zuio lililowekwa na kampuni ya simu. 21 ni ujumbe uliokataliwa. 38 ni mtandao wenyewe kuwa na hitilafu, na 42 ni msongamano. 50 inasema huduma uliyoomba haimo kwenye laini yako. Ukiona 38 au 42, subiri kidogo ujaribu tena. Ukiona 8 au 50, hakuna kitufe kwenye simu kitakachosaidia, zungumza na kampuni.

Na hili nalisema kwa uzito. Ukiona meseji haziendi, simu hazipigiki na mtandao umetoweka ghafla mahali ambapo siku zote upo, na laini za wenzako wa kampuni ileile zinafanya kazi, usianze kucheza na mipangilio. Inawezekana mtu ameihamishia namba yako kwenye laini nyingine, na namba za siri za benki zinamfikia yeye. Tafuta simu nyingine papo hapo, piga kwa kampuni ya simu na benki, kisha urudi kwenye mambo ya meseji.

Turudi sasa kwa aliyefaulu jaribio la neno moja. Huyu SMS yake ni nzima. Inabaki kujua kilichoongezeka. Kama ni picha au kundi, ni MMS, na MMS kwa kawaida hutaka data ya laini iwe imewashwa hata kama uko kwenye Wi-Fi nzuri. Inataka pia mipangilio ya APN, yaani ya lango la data la kampuni ya simu, yenye anwani ya kituo cha MMS. Kama ni RCS, angalia hali yake kwenye mipangilio: ikisoma kwamba bado inahakiki namba yako, zima, subiri, washa tena, na uruhusu ujumbe usiofika utumwe kama SMS.

Kama ni iMessage, hakikisha tarehe na saa vinajiweka vyenyewe. Kujiandikisha kwake hutuma SMS ya siri nyuma ya pazia, hivyo laini isiyo na salio inaweza kukaa kwenye "inasubiri", na Apple wenyewe wanasema shughuli hiyo inaweza kuchukua hadi saa 24. Aliyehama kutoka iPhone kwenda Android bila kuzima iMessage naye hukosa meseji za marafiki wenye iPhone, kwa kuwa bado zinapelekwa kule alikotoka. Apple wana ukurasa wa kuiondoa namba kwenye huduma hiyo hata kama simu ya zamani huna tena.

Lipo na tatizo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu karibu hakuna anayelishuku: urefu wa ujumbe na herufi zake. SMS moja ina nafasi ya baiti 140, yaani biti 1120. Kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, kila herufi huchukua biti 7, ndipo panapopatikana 160. Ukiweka alama moja tu isiyomo kwenye alfabeti hiyo, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo, kila herufi inachukua biti 16, na nafasi inashuka hadi 70. Ukizidisha, unakatwa vipande, na kila kipande kinatoa sehemu ya nafasi yake kwa maelezo ya kuunganisha: zinabaki 153, au 67.

Emoji moja inatosha kufanya hivyo. Lakini kwetu sisi tunaoandika Kiswahili kuna mtego mdogo zaidi: ile alama ya juu katika "ng'ombe" na "ng'oa". Ikiwa imenyooka, imo kwenye alfabeti ya GSM. Kibodi ikiipindisha kuwa ya kupendeza kama ya vitabuni, haimo. Ujumbe wa herufi 150 uliotakiwa kuwa SMS moja unakuwa tatu, salio la moja halitoshi, na unashindwa, au simu inaugeuza kuwa MMS na kuudai data. Zima alama za kupinda kwenye mipangilio ya kibodi. Kwenye baadhi ya simu za Android, programu ya ujumbe ina chaguo la kutumia herufi rahisi, liwashe.

Ikiwa shida ni kwa mtu mmoja tu, jibu mara nyingi ni dogo: namba ina tarakimu iliyopungua, umemzuia au amekuzuia. Futa mazungumzo yake, uanze mapya kwa namba iliyoandikwa kwa mkono. Kwenye Android hakikisha pia programu unayotumia ndiyo programu chaguomsingi ya SMS, kwani tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013 ni moja tu inayopewa kazi hiyo. Kufuta akiba ya muda (cache) ya programu hiyo hakuondoi meseji. Kufuta data yake yote ni jambo jingine, usilifanye kabla ya kuweka nakala.

Kurejesha mipangilio ya mtandao mimi hukuweka mwisho, na kabla yake nahamishia laini kwenye simu nyingine. Ikituma huko, kosa ni la simu, na hapo urejeshaji una maana. Ikishindwa huko pia, kosa ni la laini au akaunti, na simu haina hatia.

Ukifika kwa kampuni ya simu, usiwaambie tu kwamba meseji haziendi, maana watakurudisha kwenye kuzima na kuwasha. Waambie laini umeijaribu kwenye simu nyingine, taja namba ya kosa kama ilionekana, eneo ulipokuwa, namba uliyoitumia, na saa na dakika ya jaribio. Mafundi wao huutafuta ujumbe kwenye kumbukumbu za kituo kwa namba na muda, na ujumbe wa saa iliyopita huonekana upesi kuliko wa wiki iliyopita.