Protini za Mimea Zilizokatwa kwa Vimeng'enya: Je, Huzuia Oksidesheni?

Protini hizi hutengenezwaje?

Protini ya soya, njegere, ngano au pumba za mchele huchanganywa na maji, kisha hutiwa kimeng'enya kinachokata protini, kama vile papaini itokanayo na utomvu wa papai bichi. Baada ya saa kadhaa katika joto la wastani, minyororo mirefu ya asidi amino huwa imekatika na kuwa vipande vifupi viitwavyo peptidi. Hapo joto hupandishwa ili kimeng'enya kikome kufanya kazi.

Kwa nini vipande vizuie oksidesheni zaidi kuliko protini nzima?

Oksidesheni ni mmenyuko wa oksijeni ambao, katika chakula, hufanya mafuta yachache. Katika protini nzima, asidi amino nyingi zenye uwezo wa kuizuia hufichwa ndani ya mikunjo yake. Ikishakatwa, tirosini, histidini na triptofani hujitokeza, zikaweza kuipa radikali huru, yaani molekuli isiyotulia kwa kuwa na elektroni isiyo na jozi, elektroni au atomu ya haidrojeni na kuituliza kabla haijashambulia mafuta. Baadhi ya peptidi, hasa zenye histidini, hunasa pia madini ya chuma na shaba ambayo huharakisha mafuta kuchacha. Kukata kupita kiasi, hata hivyo, huweza kupunguza uwezo huo, na ndiyo sababu aina ya kimeng'enya na muda wake hupangwa kwa uangalifu.

Chakula hufaidika vipi?

Hapa ndipo penye faida iliyo wazi zaidi. Katika mayonezi, kwa mfano, mafuta yamo kama matone madogo ndani ya maji, na oksidesheni huanzia kwenye uso wa matone hayo. Peptidi nyingi zina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji, hivyo hukaa pale pale kwenye mpaka. Tatizo ni ladha: peptidi zenye asidi amino zinazokwepa maji huwa chungu, na hilo huweka kikomo cha kiasi kinachoweza kutiwa.

Je, nikizila zitanikinga na maradhi?

Hilo halijathibitishwa. Kipimo kinachotumika sana maabara huitwa DPPH, kemikali ya zambarau inayogeuka kuwa ya manjano inapokutana na kizuia oksidesheni. Rangi kufifia ndani ya chupa si sawa na mwili kupona, kwani tumbo na utumbo huzikata peptidi tena, na zinazofyonzwa zikiwa nzima kwa kawaida ni zile za asidi amino mbili au tatu tu, ambazo nyingi huvunjwa zaidi kabla ya kufika kwenye damu. Kwa maoni yangu, lebo inayoahidi tiba kwa kutegemea kipimo hicho haifai kuaminiwa.

Nani awe mwangalifu?

Mwenye mzio wa soya au wa ngano, pamoja na mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wake hudhurika kwa gluteni, protini ya ngano. Kimeng'enya hupunguza vichochezi vya mzio bila kuhakikisha kwamba vimekwisha, kwa hiyo asome orodha ya viambato kama ambavyo angefanya kwa protini isiyokatwa.