"Ye" ya vibao vya Uingereza haikutamkwa "ye"

Kwenye vibao vya baa kongwe za Uingereza utakuta "Ye Olde", na wengi huamini kwamba Waingereza wa zamani walitamka "ye". Sivyo hata kidogo. Hiyo ni "the" ileile ya leo. Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi þ, iitwayo thorn, iliyobeba sauti ya th na ya dh, kama ya "dhahabu". Katika mwandiko wa mkono tumbo lake la mviringo liliachwa wazi upande wa juu, mpaka ikafanana na y. Wachapaji, ambao seti zao za herufi kutoka Ulaya bara hazikuwa na þ, wakaweka y yenye e ndogo juu yake. Biblia ya Mfalme James ya 1611 ina mifano. "Ye" halisi ipo pia, lakini maana yake ni "ninyi".