Folda ya public_html pekee si nakala kamili ya tovuti

Wengi wenye tovuti za WordPress huamini kwamba ukishapakua folda ya public_html, yaani folda ya faili za tovuti kwenye seva, umeihifadhi tovuti nzima. Imani hiyo inaeleweka: picha zote zimo humo, ndani ya wp-content/uploads.

Lakini makala, kurasa, maoni na akaunti za watumiaji havimo. Vitu hivyo hukaa kwenye hifadhidata ya MySQL au MariaDB, inayotolewa kando kama faili ya .sql, mara nyingi kupitia phpMyAdmin, programu ya kusimamia hifadhidata kwenye kivinjari. Ukipandisha folda peke yake kwenye seva mpya, utapata ujumbe kwamba hifadhidata haipatikani.

Ikague nakala yako kabla ya balaa. Fungua .sql kwa programu ya maandishi, utafute wp_posts, jedwali la makala na kurasa. Ukikuta CREATE TABLE (amri ya kuunda jedwali) bila mistari ya INSERT INTO (inayoingiza data), umehifadhi kabati tupu. Kiambishi wp_ kinachoanza majina ya majedwali huenda kilibadilishwa. Kitazame kwenye $table_prefix ndani ya wp-config.php, faili ya mipangilio ya WordPress. Humo pia mna DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST (jina la hifadhidata, mtumiaji, nywila na seva yake), na wengi hukwama hapa: hifadhidata mpya ina nywila mpya, faili bado inataja ya zamani.

Kama na anwani ya tovuti imebadilika, usiibadilishe kwa mkono ndani ya .sql. Baadhi ya mipangilio huandikwa pamoja na urefu wake, mfano s:19:"https://mfano.co.tz" (19 ni idadi ya herufi); urefu usipolingana, mpangilio hausomeki. Amri ya wp search-replace ya WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi, huhesabu upya yenyewe.