Nairobi mpaka New York: kwa nini kalkuleta inasema masaa 13 na wewe unakaa 15

Watu wakijua kazi yangu ni kupanga njia za ndege, swali ni lile lile, Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi? Kalkuleta za intaneti zinachukua kilomita 11,800 na ushee, zinagawanya kwa 900, mwendo wa ndege kwa saa, unapewa 13. Halafu unapanda ile ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018, unakaa kama 15 kwenda na 14 na kitu kurudi.

Mchawi mkubwa ni upepo. Huko juu, futi 35,000 hivi, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na juu ya Atlantiki miezi ya baridi unaweza kupita kilomita 200 kwa saa, sasa ukienda Marekani unakutana nao uso kwa uso, ukirudi unakusukuma. Cheki skrini ya siti yako: kwenda unaweza kuona mwendo wa 830, kurudi ukaona 1,000, na rubani hajaongeza moto wowote.

Njia yenyewe nayo ina mambo. Ukivuta uzi juu ya globu unapita Sudan Kusini, kona ya Darfur, Chad, Niger, kusini mwa Algeria, karibu na Marrakech, visiwa vya Azores, halafu unapanda kaskazini kuipita New York kidogo ndio unashuka. Lakini uzi haujui kwamba anga la Sudan lilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na haujui upepo, manake siku nyingine tunachagua njia ndefu makusudi kwa sababu ndiyo inafika mapema.

Na tiketi je? Saa zote ni za mji husika. Tuseme unatoka 23:25 na kufika 06:25, ukihesabu kwa vidole ni masaa 7, kumbe New York wako nyuma yetu masaa 8 (wakisogeza saa zao Machi inakuwa 7, sisi hatusogezi kitu), kwa hiyo ni 15. Kuondoka usiku pia kuna sababu: uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, uko mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, ndege yenye mafuta ya masaa 15 inahangaika kunyanyuka. Baridi ya usiku inasaidia sana.

Sasa wale wa kuunganisha. Kupitia Amsterdam unaongeza kama kilomita 700 tu, karibu iko njiani kabisa. Dubai ni kama 2,700 zaidi, manake unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki wakati unakokwenda ni magharibi, na ukitoka hapo bado una kilomita 11,000, karibu safari nzima ya kutoka Nairobi. Bei ikiwa nzuri sawa, nenda.