Eti Wikipedia mtu yeyote anaandika chochote

Dogo mmoja tunakaa nae mtaa mmoja hapa Chang'ombe, Dodoma, aliingia Wikipedia ya Kiswahili akaandika Dodoma ina bahari, alafu akaniletea simu anacheka mpaka machozi, "bro si umeona, mtu yeyote anaandika chochote, ndo kitu mnakiamini hicho?" Nikamwambia bonyeza historia. Kimya. Akakuta jina la akaunti yake, saa na dakika, toleo la zamani na jipya yamekaa ubavu kwa ubavu na neno bahari limepakwa rangi. Nikarudisha ya zamani kwa kubonyeza tu, yeye alishahangaika dakika tano kuandika. Watu hawaoni hapo: kuharibu ni kazi kuliko kusafisha, na ndo maana hizi wiki, yaani tovuti ambazo msomaji mwenyewe anaweza kuzihariri, hazijafa tangu mtaalamu wa programu Ward Cunningham aanzishe ya kwanza mwaka 1995.

Wengine wanasema kuna mabosi Marekani wanaamua kiandikwe nini. Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, lipo San Francisco kweli, ila kazi yake ni kutunza seva, programu, pesa na mambo ya sheria, makala zinaandikwa na watu wa kujitolea kama mimi na wewe. Wakabidhi, yaani wahariri waliopewa mamlaka ya ziada, nao wanachaguliwa na wahariri wenzao, wanaweza kufuta ukurasa au kumfungia msumbufu, lakini kwenye ubishi wa nini ni kweli kura yao haizidi yako.

Sasa hii ya "mimi nakaa hapa najua mwenyewe" ndo inaniumiza kichwa. Mtu anaandika jiji la Dodoma lina watu milioni mbili kisa kaona foleni asubuhi, ukifuta anakasirika, anarudisha, unafuta, anarudisha tena. Sensa ya 2022 inasema 765,179. Hatukatai kwamba unaishi hapa bana, ila msomaji wa Mtwara atakuhakikije? Lete chanzo, full stop. Na huo mchezo wa kufuta na kurudisha kwenye Wikipedia ya Kiingereza ukizidisha mara tatu ndani ya masaa 24 unaweza kufungiwa, hata kama wewe ndo ulikuwa sahihi. Nendeni ukurasa wa majadiliano, kila makala ina wake, mkabishane huko, na kubishana sio dalili ya ugonjwa kama watu wanavyodhani.

Ugonjwa wenyewe ni upweke. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 lakini wanaohariri mara kwa mara ni wachache, kwahiyo bahari ya dogo ingeonekana haraka maana ipo ukurasa wa mji mkuu, ila namba ya uongo kwenye ukurasa wa kata moja huko Manyoni inaweza kulala miaka na hakuna wa kuishtukia.

Dogo nae kaweka ukurasa wa Dodoma kwenye maangalizi yake siku hizi, ile orodha ya kurasa unazofuatilia mabadiliko yake. Juzi kanipigia saa tano usiku kafura, kuna mtu kabadili sentensi yake, anauliza huyo anafungiwaje.